Bango la "mbio zisizochafua mazingira": naombeni ushauri kabla halijachapwa

Mwanzisha uzi: Wakuu, naandika taarifa za timu ya mbio za magari ya umeme. Mdhamini anataka bango liseme "mbio zisizochafua mazingira" na "40% ya umeme gari linajitengenezea lenyewe". Watanibana wapi? Na hesabu ya hewa ukaa naianzia wapi?

TaniKilomita: Anzia kwenye mizigo, achana na gari kwanza. Tuseme magari 22, kila moja linakula kWh (uniti za umeme) 40: jumla kWh 880. Gridi ya umeme ikitoa kilo 0.4 za hewa ukaa kwa kWh, mbio nzima ni kilo 352. Sasa pakia tani 30 kwenye ndege, km 8,000. Hizo ni tani-kilomita (tani mara kilomita) 240,000. Kwa kilo 0.6 kila moja, tani 144! Kwa meli, hata njia ikizunguka hadi km 12,000, ukipiga kwa gramu 15 ni tani 5.4. Kinachowakwamisha watu ni muda: meli inataka seti mbili za mahema, nyaya na vifaa vya gereji, moja ikiwa baharini nyingine ifanye kazi.

BrekiYaMbele: Hiyo 40% imepindishwa. Formula E, mashindano ya dunia ya magari ya umeme, ndio walisema, kwa gari lao la kizazi cha tatu (Gen3) lililoanza kushindana 2023, kwamba zaidi ya 40% ya nishati ya mbio hutokana na breki. Mota ya mbele hurudisha hadi kW 250, ya nyuma 350. Lakini nishati hiyo ilishatoka kwenye betri; breki inaokoa tu ambayo ingeishia kuwa joto. Andika "inarudishwa na breki". "Linajitengenezea" mhandisi yeyote atalicheka.

Mhakiki: "Zisizochafua" futa kabisa. Umoja wa Ulaya, kwa Maelekezo 2024/825, kuanzia 27 Septemba 2026 unakataza kumwambia mlaji kuwa bidhaa au huduma haina athari ya hewa ukaa kwa kutegemea hati za fidia, yaani kulipia miradi ya kupunguza hewa ukaa kwingine. Taja tani, mwaka wa kulinganishia, na mlichopunguza kabla ya fidia. Kama safari za mashabiki hamkuzihesabu, liseme hapohapo chini ya namba, si ukurasa wa 30.

Mwanzisha uzi: Nimewapata. Na jenereta za kuchajia zinazotumia dizeli ya mafuta ya mimea?

TaniKilomita: Taja lita na chanzo cha mafuta. Ukiandika "umeme safi" halafu mpiga picha akanasa bomba linafuka nyuma ya hema, picha ndiyo itakayosambaa.