Naomba ushauri: jina la ukoo kutoka Kroatia limeandikwa kwa namna nyingi, nimfuate vipi mhusika?

Mama Salome:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimeolewa hapa Pittsburgh katika familia yenye asili ya Kroatia. Watoto wangu wanaujua ukoo wa kwetu Tanga vizazi vingi nyuma, lakini upande wa baba yao simulizi inakomea kwa mtu mmoja, babu yake baba mkwe wangu, aliyehamia Marekani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kufanya kazi katika kiwanda cha chuma. Jiwe la kaburi linasema Jurkovic, karatasi ya mshahara inasema Yurkovich, na sensa ya mwaka 1910 ina mtu wa umri ule ule aitwaye Jurkovich, mzaliwa wa Hungaria. Familia inaamini kwamba karani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji huko New York, ndiye aliyebadilisha jina. Je, hawa ni mtu mmoja? Baba mkwe ni mzee sana, na natamani apate jibu mapema.

Mzee wa Nyaraka:
Mama Salome, simulizi ya karani husikika karibu katika kila familia ya wahamiaji, lakini utaratibu haukuwa hivyo. Orodha ya abiria iliandaliwa na kampuni ya meli bandarini walikopandia, na maofisa wa Ellis Island waliwahoji abiria wakiwa na orodha hiyo hiyo mkononi. Majina mengi yalibadilika baadaye, kiwandani, shuleni na kanisani, pale mtu alipolitamka jina lake na mwingine akaliandika alivyosikia. Kwa Kikroatia jina hilo ni Jurković: J yao ni Y yetu, na ile ć ya mwisho, kwa sikio letu, ni ch. Aliyeandika Yurkovich alifuata sauti, na aliyechonga jiwe alifuata herufi akaacha alama ya juu. Hungaria nayo isikutishe. Hadi mwaka 1918 Kroatia na Slavonia zilikuwa chini ya taji la Hungaria, huku Dalmatia na Istria zikiwa upande wa Austria, kwa hiyo neno hilo linakusaidia kuupunguza upana wa utafutaji.

Shemeji Kamba:
Naongeza jambo kuhusu kutafuta mtandaoni. Mfumo wa Soundex, unaokusanya pamoja majina yenye sauti zinazofanana, huitunza herufi ya kwanza kama ilivyo, hivyo anayetafuta Jurkovich hataletewa Yurkovich hata kidogo. Tumia mfumo wa Daitch-Mokotoff, uliobuniwa mwaka 1985 kwa kuzingatia majina ya Ulaya Mashariki. Jaribu pia mwisho wa -vics, ambao ndio uandishi wa Kihungaria. Jina la kwanza nalo lifuatilie, kwa sababu Juraj wa kijijini ni Georgius katika vitabu vya parokia vya Kilatini na George katika hati za Marekani.

Bi Rehema:
Dada, kwa maoni yangu usiyape majina uzito wote. Mtafute mtu kwa vitu vinavyomzunguka: mke, watoto, mtaa, na jamaa aliyemwacha nyumbani. Omba jalada lake la uraia. Sheria iliyoanza kutumika Septemba 1906 ilileta fomu za aina moja nchi nzima, zenye mahali pa kuzaliwa, jina la meli na tarehe ya kufika, na mara nyingi utakuta saini yake mwenyewe. Umuhimu wa saini ni kwamba inaonyesha yeye alijiandikaje. Ukishapata meli, fungua orodha ya abiria. Kuanzia mwaka 1907 kulikuwa na sehemu ya kuandika ndugu wa karibu aliyebaki kwao na anwani yake.

Mama Salome:
Nawashukuru kwa dhati. Jalada limepatikana. Karani ameandika Yurkovich, lakini chini yake kuna saini ya mkono mzito, Juraj Jurković, na alama ya ć imewekwa waziwazi. Majina ya mke na watoto yanalingana na sensa. Mahali pa kuzaliwa pameandikwa "Yaska", na ramani hainionyeshi mahali hapo.

Mzee wa Nyaraka:
Hongera sana. Huo ni mji wa Jastrebarsko, kusini magharibi mwa Zagreb, ambao wenyeji huuita Jaska. Hata hivyo wahamiaji wengi walitaja mji wa karibu badala ya kijiji chao, na kila parokia ina vitabu vyake, kwa hiyo anwani ya yule ndugu katika orodha ya abiria ndiyo itakayokuonyesha parokia sahihi. Vitabu vingi vya kanisa vya Kroatia vimepigwa picha na vinasomwa bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta kumbukumbu za ukoo. Ukikuta akina Jurković wengi katika kijiji kimoja, tazama namba ya nyumba kando ya ubatizo, kisha uifuate nyumba hiyo kutoka kizazi hadi kizazi, kwa maana jina huenda likaandikwa kwa namna tatu katika kitabu kimoja ilhali namba ya nyumba ni ile ile.