"Nafasi ya pili" kwenye kikapu cha vyuo Marekani ni usanii mtupu: saa ya NCAA haisimami gerezani

Wakuu, nimechoka kusoma zile habari za "katoka jela, kikapu kimempa nafasi ya pili". Kocha kamkumbatia kijana, picha inasambaa, watu wanapiga makofi, yameisha. Hakuna anayeeleza kwamba wengi wao mlango wa juu ulifungwa wakiwa bado ndani, na aliyeufunga si hakimu. Ni NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani.

Kanuni iko hivi. Divisheni I, ile mnayoiona kwenye televisheni, inampa mchezaji miaka mitano ya kalenda. Saa inaanza muhula wa kwanza aliojiandikisha kama mwanafunzi wa muda wote, chuo chochote kile, hata kama hakugusa mpira. Aliyekwenda jeshini anafidiwa muda wake. Aliyetumwa na kanisa lake kwenye umisionari rasmi anafidiwa. Mjamzito anaweza kuongezewa mwaka. Gereza halimo. Lipo ombi la kuongezewa muda, ila lazima uthibitishe umekosa zaidi ya msimu mmoja kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako. Aliyetiwa hatiani na mahakama atathibitisha nini hapo?

Pigeni hesabu. Kijana kaingia chuo Agosti, kacheza misimu miwili, mwisho wa mwaka wa pili kakamatwa, kala miezi 40. Miezi 24 na 40 ni 64. Saa ina miezi 60. Yaani bado ana miezi minne ya kifungo na Divisheni I imeshamtupa, na misimu miwili aliyobakiza imekwenda na maji. Hakuna jaji aliyeandika adhabu hiyo kwenye hukumu.

Na asije mtu hapa na "kanuni ni kanuni". Msimu wa 2020-21, wakati wa korona, haukuhesabiwa kwa yeyote. Desemba 2024 Diego Pavia, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa chuo cha Vanderbilt, alipata zuio la mahakama ya shirikisho Tennessee ili misimu ya chuo cha miaka miwili isimmalizie muda wake. NCAA hawakukawia, wakawaongezea wenzake wa aina hiyo mwaka wa 2025-26. Desemba 2025 chuo cha Baylor wakamchukua James Nnaji, Mnigeria aliyewahi kucheza kikapu cha kulipwa Barcelona na aliyechaguliwa namba 31 kwenye drafti ya NBA ya 2023, naye akapewa miaka minne. Simlaumu Nnaji hata chembe, kafuata riziki. Ila aliyekwisha kuitwa NBA anaingia, na aliyemaliza kifungo chake anaambiwa muda umepita. Tangu makubaliano ya kesi ya House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA, Juni 2025, chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake, na kwa mwaka wa 2025-26 kikomo kilikuwa dola milioni 20.5. Penye hela kanuni inapinda. Wa gerezani hana wa kumpigia kesi.

Kwa hiyo mwenye ndugu au rafiki kwenye hali hii, achaneni na Divisheni I. Angalieni Divisheni II, III na NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo. Huko hawahesabu kalenda, wanahesabu mihula 10 ya masomo (II na III ile ya muda wote). Kijana wa mfano wangu katumia minne, kabakiwa na sita. Fedha lakini ni shida: Divisheni III haitoi ufadhili wa michezo kabisa, na II ina ufadhili kamili 10 tu kwa timu nzima ya wanaume, nao hukatwakatwa vipande wagawiwe wengi.

Hapa ndipo kuna mtego unaoniudhi kuliko yote. Mwaka 1994 Bunge la Marekani liliwanyima wafungwa ruzuku ya Pell, fedha za serikali za kumsomesha asiye na uwezo. Jaribio la kuirudisha lilitangazwa 2015, sheria ikapita Desemba 2020, na tangu tarehe 1 Julai 2023 mfungwa anaweza kuipata tena. Jambo jema sana. Sasa kijana anasoma gerezani kwa bidii, anachukua krediti (vipimo vya masomo) 12 kila muhula, anajengeka. Krediti 12 ndiyo muda wote! Kila muhula wa namna hiyo unakatwa kwenye ile 10. Akisoma miaka mitatu hivyo, ile sita yake yote imekwisha na hajagusa uwanja. Mwenye nia ya kurudi kucheza abaki chini ya krediti 12 akiwa ndani, na kwa NAIA chini ya 9. Pell yenyewe nayo ina kikomo, sawa na mihula 12 ya maisha yako yote.

Halafu deni. Aliyekamatwa katikati ya muhula mara nyingi hakuandika barua ya kujitoa, kwa hiyo kapewa F masomo yote. Akiwa ameondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada wa serikali inarudishwa, na chuo kinamdai yeye. Kabla ya kumpigia kocha yeyote, aombe transkripti (hati ya matokeo yake), aone anadaiwa kiasi gani, kisha aandike rufaa ya maendeleo ya masomo ili arudishiwe msaada wa fedha, akiambatanisha hati za mahakama zenye tarehe.

Uangalizi baada ya kifungo ndio unaoua ndoto kimyakimya. Kuhamia chuo cha jimbo jingine kunapitia mkataba wa majimbo wa kupokezana walio chini ya uangalizi, na jimbo linalopokea lina siku 45 za kujibu. Ombi linapelekwa na ofisa uangalizi, kijana hawezi kulipeleka mwenyewe, na kuwa mwanafunzi peke yake hakumpi haki ya kukubaliwa. Ombi lianze kabla ya kusaini chochote. Mechi za ugenini nje ya jimbo zinataka kibali, kwa hiyo ofisa apewe ratiba ya msimu mzima mapema: tarehe, uwanja, hoteli, saa ya basi kurudi. Timu inayokwenda bila kumwambia inamrudisha kijana ndani. Kocha asiyetaka kuandika ratiba hiyo hafai, hata awe na maneno matamu kiasi gani.

NYONGEZA: Mdau kauliza kuhusu vijana wetu waliokwenda kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Kwao ni kubaya zaidi, maana kosa zito linaweza kumtoa nchini moja kwa moja akimaliza kifungo, na hapo hakuna cha Divisheni II wala III. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2010, Padilla dhidi ya Kentucky, wakili wa utetezi analazimika kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha. Amwulize wakili hilo kabla ya kusaini, na jibu alipate kwa maandishi.