Naomba ushauri: mwanangu ameikatia tamaa Pirates, timu yetu ya besiboli, nimwambie nini?

Habari zenu ndugu. Naishi Pittsburgh, Marekani, na mwanangu wa miaka 12 amekua akipenda besiboli. Juzi kaniambia hataki tena kwenda uwanjani: "Baba, wenye hela wameshashinda kabla hatujaanza." Nilikosa jibu.

Pirates hawajabeba ubingwa tangu 1979. Los Angeles Dodgers wao walimsajili Shohei Ohtani Desemba 2023 kwa dola milioni 700 kwa miaka 10, na milioni 680 kati ya hizo atalipwa baada ya mkataba kwisha. Wakachukua ubingwa 2024, wakarudia 2025. Besiboli haina ukomo wa mishahara. Kuna kodi tu kwa timu inayovuka kiwango fulani, na tajiri anailipa bila kutetereka. Steelers, timu ya futiboli ya Kimarekani ya mji huu huu, wanacheza ligi yenye ukomo tangu 1994, na chini yake wamebeba Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi hiyo, mara 2.

Ila kwenye besiboli hakuna pia kima cha chini ambacho timu ndogo inalazimika kutumia kwa wachezaji, licha ya mgao wa mapato inaoupata kutoka timu kubwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Halafu hela nayo si kila kitu: New York Mets walimpa mchezaji Juan Soto dola milioni 765, na msimu wa 2025 hawakufika hata mtoano!

Wenye watoto wapenda michezo, nisaidieni: nimwache ahamie timu nyingine, au nimbembeleze abaki? Tikiti mbili za kumwona Paul Skenes, mrushaji wa Pirates, akirusha ninazo tayari, na sitaki kwenda peke yangu.