Nimepika somen kama tambi za sukari, zimekuwa chumvi tupu. Naombeni ushauri

Mwana_wa_Michenzani:
Asalaam aleikum wapendwa. Niko Kobe, Japani, mwaka wa pili huu. Jirani yetu, mama wa Kijapani, katuletea boksi la mbao la somen, tambi zao nyembamba za ngano, zawadi zao za kiangazi. Ndani vifungu vyeupe vimefungwa utepe, vyembamba kama uzi. Mie nikaona tambi hizo! Nikakaanga kwa mafuta mpaka zikapiga wekundu, nikatia tui, sukari, hiliki na zabibu. Wallahi kuonja, chumvi! Halafu zikashikana bonge moja, mwiko unasimama.

Sasa vifungu bado vingi na kutupa naona haya. Zinapikwaje? Na je, mume wangu mwenye presha anaweza kula chakula chenye chumvi hivi?

Kaka_Nara:
Pole dada, nimecheka lakini pole 😂 Ile chumvi wanaitia makusudi kwenye unga. Donge la ngano linavutwa na kuvutwa mpaka liwe uzi, na bila chumvi lingekatika njiani. Za kuvutwa kwa mkono hupakwa na mafuta zisikauke, kisiwa cha Shodoshima wanatumia ya ufuta. Kwa hiyo chumvi na mafuta lazima uvitoe kwanza.

Sufuria kubwa, maji mengi, lita moja kwa kila kifungu (kimoja ni gramu 50). Usitie chumvi. Yakitokota vizuri tawanya somen, koroga kwa vijiti, hesabu dakika moja na nusu, mbili zikizidi. Usiende kupokea simu! Mwaga kwenye chujio, fungulia maji ya baridi, kisha zifikiche kwa mikono kama unafua kitambaa chepesi, mpaka ule utelezi uishe. Malizia na maji ya barafu. Hapo ndipo zinapokaza.

Babu Chapati:
Yaani mtu atoke Unguja aende Japani kula tambi za baridi. Haya.

Nesi_wa_Tanga:
Bibie, suala la presha. Gramu 100 za somen kavu zina chumvi kama gramu 4 mpaka 6, ndiyo maana chungu chako kilikuchachamalia. Ila ukichemsha kwa maji mengi na kusuuza kama alivyosema kaka, nyingi inabaki kwenye maji. Yale maji mwaga, usiyafanye supu.

Anayemmaliza mgonjwa ni ule mchuzi wa soya wanaochovyea somen wakati wa kula. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina chumvi gramu 2 na nusu hivi. Mpe kikombe kidogo, achovye ncha tu, na asinywe kilichobaki.

Halafu huu ni unga mweupe. Vifungu viwili ni kama kalori 340, protini gramu 9 tu. Akila peke yake saa mbili baadaye ana njaa. Weka yai, tango, samaki.

Ummu_Swabra:
Shoga, kabla hujanunua mchuzi wa chupa, soma maandishi. Mingi ina mirin, kiungo chao kitamu cha mchele, na mirin ile ya asili ni pombe. Hata sosi ya soya nyingine huongezwa pombe. Maduka ya karibu na msikiti wa Kobe utapata ya halali. Mie natengeneza mwenyewe: naloweka kipande cha mwani wa kombu na uyoga mkavu wa shiitake usiku kucha, asubuhi napasha, natia soya ya halali kidogo na sukari kijiko cha chai. Naweka kwenye friji. Wakati wa kula nakuna tangawizi, nakata vitunguu majani.

Kaka_Nara:
Na kama roho inataka za kukaanga, watu wa Okinawa wanazo, wanaita somen champuru. Chemsha kwa dakika moja tu, suuza, zikauke vizuri, pakaa mafuta kidogo. Kikaango kiwe moto, tia jodari wa kopo na vitunguu majani, kisha somen, geuza haraka. Baridi ikija, zitie kwenye supu ya moto, hiyo ni nyumen.

Mwana_wa_Michenzani:
Ahsanteni sana. Kumbe ndiyo zile walizomchezesha mwanangu shuleni! Mwanzi umepasuliwa, maji yanateremka, somen zinapita, watoto wanazidaka kwa vijiti. Alirudi kalowa mpaka soksi.

Swali moja: tambi za sukari ndiyo basi tena?

Ummu_Swabra:
Si basi. Chemsha, fikicha, suuza mpaka ukionja husikii chumvi. Tui zito lichemke pembeni na sukari na hiliki, zitumbukize mwisho kabisa na epua papo hapo. Kukaanga kavu ndiko kulikokuponza.

Mwana_wa_Michenzani:
Marejesho: jana nimechemsha vifungu vinne, na yai la kukaanga nimelikata nyuzi nyuzi, na tango. Hazikushikana hata mbili. Mume kala kimya mpaka akamaliza, kisha akauliza chakula chenyewe kinakuja saa ngapi.