Vijiji 24 vya Lamu kwenye klasta: K-wastani, mti au Gower?

BintLangoni
Assalaam aleikum wanajamvi. Tasnifu yangu inalinganisha maisha ya vijiji 24, kuanzia Ishakani mpaka Witu. Sitaki kulinganisha tarafa na tarafa, nataka vijiji vinavyofanana vijikusanye vyenyewe, yaani klasta. Nina safu tano: umbali wa kufika Mokowe, idadi ya vyombo vya uvuvi, ekari zinazolimwa, chanzo cha maji na kazi kuu. Msimamizi kasema nitumie K-wastani (unachagua idadi ya makundi, kila kijiji kinaingia kundi ambalo wastani wake uko karibu nacho), basi, hakuongeza neno. Nimeiendesha jana usiku kwa makundi manne, ikanitia Kiunga na Mararani kapu moja! Wavuvi wa pwani na Waawer wa msituni?

HesabuTupu
Umbali umeuandika kwa mita?

BintLangoni
Naam.

HesabuTupu
Ndiyo hiyo. K-wastani inaona namba tu. Vijiji viwili vikitofautiana mita 30,000 na mashua 40, hizo mashua hazionekani kabisa. Umegawa vijiji kwa umbali peke yake. Sawazisha kila safu ya namba: toa wastani, gawa kwa mchepuo sanifu (kipimo cha namba zilivyotawanyika). Halafu usiiendeshe mara moja. Inaanza na vitovu (katikati ya makundi) vya bahati nasibu, kwa hiyo irudie hata mara 50, ubaki na jibu lenye jumla ndogo zaidi ya miraba ndani ya makundi.

BintLangoni
Aibu yangu. Nimesawazisha, Mararani imeachana na Kiunga. Chanzo cha maji nimekiandika kisima 1, jabia (tangi la maji ya mvua) 2, bomba 3. Iko sawa?

MwalimuWitu
Haiko sawa, dada. Umeiambia kompyuta kwamba jabia iko katikati ya kisima na bomba. Kijiji kimoja cha kisima na kimoja cha bomba, wastani wao utasoma jabia, na hapo hakuna hata tone la mvua lililokingwa!

Kwa data mchanganyiko, namba na aina pamoja, mimi naenda na umbali wa Gower, wa mwaka 1971. Safu ya namba: tofauti ya vijiji viwili inagawanywa kwa upana wa safu nzima. Safu ya aina: wakifanana 0, wakitofautiana 1. Kisha unachukua wastani wa safu zote. Kwenye R, programu ya takwimu, ni `daisy`, ndani ya kifurushi cha `cluster`.

Ukishapata umbali huo, chora mti: vijiji vilivyo karibu vinaunganishwa kwanza, kisha makundi na makundi. Vijiji 24 vinaenea karatasi moja, unaona nani kaungana na nani mapema. Ila mti wa Ward, njia moja ya kuunganisha, umejengwa juu ya umbali wa Euclid (wa mstari ulionyooka), kwa Gower afadhali uunganishe kwa wastani wa umbali kati ya makundi. Na kijiji kikishaunganishwa hakitoki tena, hata kama mbele kingefaa kwingine. Ndiyo maana naipenda PAM zaidi, njia ya kugawa makundi kama K-wastani, ila kitovu cha kila kundi ni kijiji halisi. Ukiwa na nauli ya mahojiano ya vijiji vinne tu, unajua boti ikupeleke wapi.

HesabuTupu
Mwalimu, Gower nayo ina lawama zake. Safu ya aina inatoa 0 au 1 nzima, safu ya namba inatoa vipande vidogo vidogo. Maji na kazi vitaburuta kila kitu. Apunguze uzito wa safu hizo mbili.

NahodhaMstaafu
Mimi ya Gower siyajui, mwanangu. Nauliza huo umbali. Faza kwa Mokowe kwenye ramani ni hapo tu, lakini maji yakikupwa njiani, mnakaa mnatazamana. Andika saa za safari. Na saa za kusi si saa za kaskazi.

HesabuTupu
Ami kasema kweli. Weka saa, ufute mita. Ukiziacha zote mbili, umbali utahesabiwa mara mbili.

BintLangoni
Shukran nyote. Nimeweka saa, nimepunguza uzito, nimeendesha PAM. Silueti (alama ya jinsi vijiji vinavyofaa makundi yao) ya makundi matatu imepita ya manne. Tatizo ni Matondoni: silueti yake iko chini ya sifuri, yaani iko karibu zaidi na kundi la jirani kuliko kundi nililoitia.

NahodhaMstaafu
Matondoni wanaunda majahazi. Kuna mahali umeuliza jahazi?

BintLangoni
Hapana, ami. Naongeza safu. Na Kipungani kwa mikeka?

HesabuTupu
Mkiongeza safu kwa kila kijiji kilichokosa nyumba mtafika klasta 24. Safu moja tu, "ufundi wa mikono", ijazwe kwa vijiji vyote, na uandike kwenye tasnifu kwamba uliiongeza baada ya kuona matokeo.