Karatasi ya kuzuia mvuke kwenye chumba cha sauna: inakaa upande gani?

Mkazi wa Raskazone

Assalamu alaikum ndugu zangu. Ninageuza stoo ya nyumba yangu hapa Raskazone, Tanga, iwe chumba cha sauna chenye jiko la umeme la mawe. Kuta ni za matofali ya simenti na zimepigwa lipu, kimo ni mita 2.1, na ukuta mmoja unapakana na chumba cha kulala chenye kiyoyozi. Papi zimekwisha kupigiliwa, na sasa tunataka kujaza pamba ya mawe ya kuzuia joto katikati yake. Hapo ndipo mimi na fundi wangu tulipotofautiana. Yeye anashikilia kwamba kizuia mvuke ni mambo ya nchi za baridi, kwa kuwa pwani kuna joto mwaka mzima na mvuke hauwezi kugeuka maji ukutani. Na kama nikilazimisha, basi tutandike nailoni ya msingi juu ya lipu kabla ya pamba. Moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kumweleza mtu aliyejenga nusu ya mtaa huu. Naomba msaada wenu.

Seremala wa Chumbageni

Waalaikum salaam, kaka. Kizuia mvuke kinahitajika, na joto la Tanga haliondoi haja hiyo. Hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba mvuke wa gramu 24 hivi katika kila mita ya ujazo. Sauna yenye nyuzi 80, hata unyevu wake ukiwa asilimia 20 tu, hubeba takribani gramu 58, na hewa ya namna hiyo huanza kutoa maji inapogusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 45 hivi. Lipu yako haifiki nyuzi hizo, sembuse ukuta unaopozwa na kiyoyozi. Kwa hiyo karatasi huwekwa upande wa joto, yaani juu ya pamba, kati yake na mbao za ndani. Ukiiweka nyuma ya pamba kama fundi anavyotaka, mvuke utapenya pamba yote, utageuka maji penye nailoni, na maji hayo yatabaki humo humo.

Nailoni yenyewe pia haifai. Mwaka juzi niliitwa kubomoa sauna iliyojengwa nayo. Nilipong'oa ubao wa kwanza wa dari, nailoni ilikuwa imelegea na kunata kwenye mbao kama mfuko uliosahauliwa karibu na jiko la mkaa, na pamba niliyoikamua kwa mkono mmoja ilichuruzika maji hadi kwenye kiwiko. Papi zilikuwa nyeusi kwa ukungu, na bisibisi ilizama ndani yake bila kusukumwa. Chini ya dari ndipo joto huwa kali kuliko pengine pote, na nailoni hulainika huko. Tumia karatasi ya aluminiamu iliyotengenezwa kwa ajili ya sauna.

Mwenye nyumba ya wageni, Pangani

Namuunga mkono seremala, na ninaongeza yaliyonigharimu mimi. Nilishauriwa nitumie ile karatasi ya kung'aa inayotandazwa chini ya mabati, yenye vipovu vya plastiki ndani, kwa sababu inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Kwa macho inafanana kabisa na aluminiamu, lakini vile vipovu vilinywea kwa joto na viungo vikaachana. Pili, kagua misumari. Upepo wetu wa bahari una chumvi, na misumari ya kawaida ilishika kutu mapema sana ikachora michirizi mekundu kwenye mbao. Nunua ya chuma kisichoshika kutu.

Mkazi wa Raskazone

Ahsanteni sana, nimemsomea fundi zile gramu na amekubali. Je, tuanzie wapi, na viungo tuvifunge kwa nini?

Seremala wa Chumbageni

Anzeni na dari, na karatasi ya dari ishuke ukutani kama sentimita 15. Kisha kila kipande cha ukutani kipandane na mwenzake sentimita 10 au zaidi, cha juu kikilalia mbele ya cha chini, ili maji yakitokea yateremke juu ya karatasi bila kuingia nyuma yake. Uso wa kung'aa utazame ndani. Viungo vifungwe kwa tepu ya aluminiamu wanayotumia mafundi wa viyoyozi, na tundu la waya wa taa na kila pini ya stepla vizibwe kwa tepu hiyo hiyo, kwani hapa ndipo watu huchoka na kuharakisha. Baada ya hapo pigilieni papi nyembamba za sentimita 2 juu ya karatasi, ndipo mbao zifuate, maana mbao zisipopata nafasi ya hewa nyuma yake hazikauki.

Sakafu iacheni bila karatasi. Wekeni vigae vyenye mteremko kuelekea kwenye bomba la maji machafu, na ncha ya chini ya karatasi ya ukutani iishie mbele ya safu ya kwanza ya vigae vya ukutani. Isiguse lipu mbichi, kwa sababu simenti yenye maji hula aluminiamu. Kama lipu yenu ni ya mwezi huu, ngojeni ikauke kwanza.