Mbuzi imepotea au mbuzi amepotea? Vitawe vya majina ya wanyama

Mwalimu_Lanet (Nakuru)

Walimu na wapenzi wa lugha, hamjambo. Nawaandaa watahiniwa wa Kidato cha Nne, na kwenye sehemu ya Matumizi ya Lugha (zile alama 40 za Karatasi ya Pili) vitawe, yaani maneno yenye maana zaidi ya moja, vinawasumbua kupita kiasi. Swali huja hivi: "Tunga sentensi moja kubainisha maana mbili za neno kaa." Siku nyingine ni paa, kifaru, mbuzi au ndege. Majibu ninayokusanya ni kama haya:

"Kaa anakaa baharini."
"Paa alipaa akatua juu ya paa."
"Kifaru ni mnyama na pia kifaru ni gari la vita."
"Mbuzi yangu imepotea."

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Mwanafunzi ajue vipi kwamba sentensi yake imetenganisha maana kweli? Ndege ya abiria iende ngeli gani (kundi gani la nomino)? Na ni majina gani ya wanyama ninayoweza kumpa mtoto wa bara, ambaye hajaona bahari, akayatungia sentensi bila kukariri?

Sarufi_Kakamega

Hujambo mwalimu. Nitaanza na ile ya mwisho, "Mbuzi yangu imepotea", kwa sababu ndiyo inayozaa nyingine zote.

Kiswahili cha mtaani huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Busia, humtia mnyama kwenye ngeli ya I-ZI (kitenzi huanza na i- kwa umoja, zi- kwa wingi; ngeli nyingine huitwa vivyo hivyo): kuku yangu imetaga, mbwa yao imeniuma, ng'ombe imeingia shambani. Kila mtu anaelewa, na sokoni hakuna atakayekurekebisha. Lakini kwenye Kiswahili sanifu kiumbe chenye uhai huchukua A-WA hata jina lake likianza na ki- au lisiwe na kiambishi chochote. Kwa hiyo "mbuzi amepotea" ni yule wa kufuga. "Mbuzi imepotea" ni kifaa cha kukunia nazi: kigoda cha mbao cha kukalia, chenye ulimi wa chuma uliochomoza mbele, na ncha ya ulimi huo ina meno. Mkunaji huketi juu yake, akashika kipande cha nazi kwa mikono miwili na kukizungusha kwenye meno hayo. Mwanafunzi wako ameandika sentensi sahihi kabisa kuhusu kifaa asichokijua.

Hapo ndipo penye siri ya swali lenyewe. Katika vitawe vingi vya wanyama, nomino haibadiliki hata herufi moja, na kinachobeba tofauti ni upatanisho, yaani viambishi vya kitenzi na kivumishi vinavyoifuata. Linganisha:

Vifaru wawili walivuka mto.
Vifaru viwili vilivuka mto.

Ya kwanza ni ya mbugani, ya pili ni ya vitani. Mtoto aliyezoea kusema "mbwa imeniuma" hana silaha hiyo, kwa sababu kwake mnyama na kitu vinapatanishwa sawa. Kabla ya kumpa orodha yoyote, mpe majuma mawili ya kusahihisha A-WA tu: ng'ombe, kuku, samaki, nyuki, mbwa. Vitawe vitajipanga vyenyewe baadaye.

Kuhusu kutunga: achague kwanza maana mbili, aandike ngeli ya kila moja pembeni, ndipo aunde sentensi ambayo kila neno limefuatwa na kitenzi au kivumishi chenye kiambishi chake. Mifano:

Kifaru alitimua mbio kifaru cha wanajeshi kiliponguruma.
Kaa aliyekatika gando aliangukia kaa la moto.
Mbuzi aliikanyaga mbuzi ya kukunia nazi ikavunjika ulimi.
Buibui alitanda utando kwenye buibui lililoanikwa uani.

Angalia ule wa pili. Gando ni kile kikoleo cha mguu wa kaa, hivyo msomaji hana shaka ni kiumbe gani, na "la moto" linakuonyesha LI-YA. "Kaa anakaa baharini" si kosa la sarufi, ila ni dhaifu. Hata jina la mtu lingeweza kukaa pale mwanzoni.

Ile ya "kifaru ni mnyama na pia kifaru ni gari la vita" ni fasili mbili zilizounganishwa kwa "na pia". Wazuie kabisa. Swali limesema watunge, halijasema waeleze.

Mvuvi_wa_Maneno (Kisumu)

Sarufi_Kakamega amesema vizuri, lakini paa anahitaji nafasi yake.

Paa ana maana nne zinazotumika: mnyama mdogo wa jamii ya swala (A-WA), sehemu ya juu ya nyumba (LI-YA), kitenzi cha kwenda juu angani, na kitenzi cha kuondoa magamba ya samaki. Hiyo ya nne wengine huitamka "kupara", na watoto wa ufukweni Dunga wanaifahamu kazi yenyewe vizuri kuliko neno. Samaki hushikwa mkiani na kisu hukwaruzwa kuelekea kichwani, kinyume na magamba yalivyolala.

Hapo kuna mtego. Wanafunzi huandika "Mama alimpaa kambare." Kambare hana magamba! Sentensi ina sarufi nzuri na maana mbovu. Atumie ngege au mbuta.

"Paa alipaa akatua juu ya paa" inaangukia shimo lilo hilo. Kupaa ni kupanda hewani kama moshi, tiara au ndege. Mnyama yule huruka, hapai. Anataka kubana maana tatu kwenye sentensi moja ilhali ameombwa mbili. Mpe hizi:

Moshi ulipaa kupitia tundu la paa la jikoni. (kitenzi na nomino)
Akiwa juu ya paa la banda, mchungaji alimwona paa akila majani. (nomino na nomino)

Sasa ndege. Ya abiria ni I-ZI: ndege imetua, ndege zimechelewa. Yule wa mabawa na manyoya ni A-WA. Sentensi: "Ndege aliyenaswa kwenye injini aliifanya ndege irudi Kisumu." Ukisikia mtu akisema "ndege ya KQ (Kenya Airways) amefika", amechanganya. Kuna pia ndege ya bahati, kama katika "ndege njema" na "ndege mbaya", lakini kwa watahiniwa ningeiacha.

Na kwa wanaobishana kama tembo la kunywa ni LI-YA au la, methali imeshaamua: *mgema akisifiwa, tembo hulitia maji*. Hiyo -li- ndani ya "hulitia" ndiyo ushahidi. Ndovu angekuwa "humtia".

Mkahawa_Chwele (Bungoma)

Nikubaliane na wenzangu kwa sehemu. Upatanisho haufiki kila mahali, na mwanafunzi akiambiwa "tazama ngeli tu" atakwama.

Chukua mbuni. Yule ndege mkubwa asiyeruka ni A-WA. Mtu anayebuni kitu naye ni A-WA. Katika umoja, "mbuni amefika" haikuambii lolote. Wingi ndio unaowatenganisha: mbuni wamefika, wabuni wamefika. Kisha kuna mti wa kahawa, U-I: mbuni umechanua, mibuni imechanua. Na huku Bungoma wakulima wana mbuni wa nne: kahawa iliyokaushwa na ganda lake bila kupitia mashine ya kumenya, ambayo bei yake huwa chini. Huo wa nne ni wa biashara, asiutumie kwenye mtihani bila kuufafanua ndani ya sentensi.

Nyumbu ndiyo mbaya zaidi. Yule anayevuka Mto Mara na yule aliyezaliwa na punda dume na farasi jike wote ni A-WA, na wingi ni ule ule. Hapa muktadha peke yake ndio utakaookoa: "Nyumbu aliyebebeshwa magunia hakutishwa na kundi la nyumbu waliokuwa wakihama mbugani."

Papa nayo iangaliwe huku kwetu. Kwa Lubukusu, lugha ya Wabukusu, papa ni baba, na mtoto huileta darasani bila kujua. Kwa Kiswahili ni samaki mkubwa wa baharini, au kiongozi wa Kanisa Katoliki, wote A-WA. Halafu kuna "papa hapa", ambayo ni mkazo tu wa mahali.

Jambo jingine: msitegemee kimilikishi. Ndugu zangu, rafiki zangu, hata "ng'ombe zake" kwa wazee wa pwani, vinasikika na si makosa. Lakini kitenzi hakitikisiki: ndugu zangu *wamefika*. Mwanafunzi aweke ushahidi wake kwenye kitenzi.

Mwalimu_Lanet (Nakuru)

Nawashukuru sana. Hapo kwa kitenzi nimepata la kushika. Swali dogo: swali likisema "tunga sentensi *mbili*", je, wanaweza kutumia kitenzi na nomino, kwa mfano paka mnyama na paka mafuta? Na kaanga/kanga inaingia hapa?

Sarufi_Kakamega

Paka na paka, ndiyo, ni kitawe halali: "Paka amelala jikoni" na "Paka mkate siagi." Ikiwa ni sentensi mbili, kila moja ibebe maana yake kikamilifu bila kuegemea nyenzake. "Paka huyu ni mzuri" na "Alipaka" hazitoshi, kwani ya pili haijasema alipaka nini.

Kanga na kaanga haziingii. Zinatofautiana kwa irabu moja, kwa hiyo ni vitate, yaani maneno yanayokaribiana kimatamshi. Vivyo hivyo nyoka na nyooka. Lakini kanga ndege (A-WA) na kanga nguo (I-ZI) ni kitawe, ingawa watoto wako nguo hiyo wanaiita leso.

Kwa bara ningependekeza: tai (ndege, na ya sare ya shule), kiboko (wa Ziwa Victoria, na cha kuchapia), korongo (ndege, na bonde lililochimbwa na maji), funza (mdudu, na kitenzi), kima. Kwa kiboko mkumbushe kwamba wingi ni viboko kotekote: viboko wawili, viboko viwili.

Kamusi_Mfukoni

Nyongeza kuhusu kima, kwa sababu wengi huiorodhesha bila kuitenganisha. Ni maneno matatu yasiyo na undugu. Tumbili mkubwa wa msituni, kama wale wa Msitu wa Kakamega, ni A-WA. Nyama ya kusaga ya sambusa ni I-ZI na imetoka Kihindi. Kiwango au thamani, kama kima cha chini cha mshahara, ni KI-VI na imetoka Kiarabu. Kamusi huyapa viingizo vitatu vyenye nambari. Hiyo ni homonimia. Kiboko cha kuchapia ni habari nyingine, kwani kilitengenezwa kwa ngozi ya mnyama mwenyewe na maana moja ikazaa nyingine. Hiyo ni polisemia. Kwenye Karatasi ya Pili zote zinaitwa vitawe, usiwachoshe watahiniwa kwa tofauti hiyo.

Halafu waonye kuhusu "anakaa babake", yaani anafanana na babake. Ni maana inayojulikana Nakuru nzima, lakini si sanifu. Akitaka maana ya tatu ya kaa, atumie lile la moto.

Mvuvi_wa_Maneno (Kisumu)

Na fisi kwa maana ya mwanamume mwenye tamaa, vilevile waiache mtaani. Wote wawili ni A-WA, ngeli haitabainisha kitu.

Mwalimu_Lanet (Nakuru)

Sawa. Na panda?

Mkahawa_Chwele (Bungoma)

Panda mlima na panda mahindi ni vitenzi viwili, hakuna ngeli ya kutazama. Tofautisha kwa yambwa: kinachopandwa kiwe kitu kisichoweza kuchanganywa. "Alipanda mti" ndiyo sentensi ya kukosesha alama, maana hatujui kama alikuwa na jembe au alikuwa matawini. "Alipanda mti kuangua maembe" au "alipanda mche wa mti" inatosha.